Kupunguza kunguru wa Bara Hindi katika mji wa pwani: shajara ya mradi, Juni hadi Februari

Juni: mipaka ya kazi

Mradi unahusu kata mbili zinazopakana katika mji wa pwani ya Tanzania. Ndani yake mna soko la chakula, diko moja la samaki (ufukweni wanakoshushia na kuparia samaki), machinjio madogo, stendi ya daladala, hoteli za ufukweni, na miembe na mikungu iliyopandwa zamani kando ya barabara. Ndege tunaowalenga ni kunguru wa Bara Hindi, Corvus splendens. Tunaowatetea ni ndege wadogo wa mjini, yaani chozi, shore, mnana na tetere, pamoja na kunguru wetu wa asili mwenye kifua cheupe. Huyu wa mwisho amekuwa adimu katika miji ya pwani, ilhali ukipanda bara unamkuta kwenye kila stendi.

Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale takataka za mji. Akavuka hadi bara, na Mombasa alionekana kwa mara ya kwanza 1947. Meli nazo humbeba. Ndivyo alivyofika Hoek van Holland huko Uholanzi mwaka 1994, na kwa kuwa kundi la kule lilikuwa bado dogo, liliwezekana kuondolewa. Kwetu wakati huo ulishapita zamani sana.

Kwa hiyo hatulengi kumaliza kunguru wote. Ukisafisha kata mbili, wengine watatoka kata ya tatu. Lengo ni kushusha idadi yao ndani ya mipaka hii na kuishikilia chini, hadi ndege wadogo waweze kulea makinda. Hesabu ya kunguru waliouawa itaandikwa kwa ajili ya kibali, wala hatutaitumia kupima mafanikio. Kampeni iliyofanyika Zanzibar miaka ya 1990 iliua maelfu kwa maelfu na idadi ikashuka kweli. Kazi iliposimama, ndege wakarejea. Chakula kilichowalisha kilikuwa palepale.

Maombi yamepelekwa kwa afisa wanyamapori wa halmashauri, kwa kuzingatia Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na nakala kwa ofisi za kata na kwa bwana afya. Bwana afya ni mtu wa lazima tangu mwanzo, kwa sababu nusu ya kazi hii ni ya taka.

Juni: kumtambua bila kubahatisha

Kila anayeshika fomu lazima awatofautishe kunguru wawili. Wa Bara Hindi ana urefu wa kama sentimita 40, mwembamba, na shingo yake ni ya kijivu kuanzia kisogoni hadi kifuani. Hana weupe popote. Wa asili ni mkubwa zaidi, sentimita 46 hadi 50, ana kifua cheupe pe na kola nyeupe inayozunguka mgongo wa shingo. Sauti ya wa Bara Hindi ni nyembamba na ya kukwaruza. Ya wa asili ni nzito.

Makosa hutokea jioni, ndege wakiwa kati yako na jua. Hapo wote huonekana weusi. Mwenye kuhesabu akae jua likiwa mgongoni mwake, na ndege asiyetambulika aandikwe kwenye safu ya «hajulikani». Asigawiwe kwa kukisia. Kosa hili ni dogo kwenye hesabu lakini ni kubwa kwenye kiota: ukivunja kiota cha kunguru wa asili umefanya kinyume kabisa cha mradi.

Julai: hesabu ya awali

Hatuwahesabu mchana. Mchana ndege mmoja huonekana sokoni, kisha dikoni, kisha dampo, na huwezi kujua kama ni yuleyule. Jioni wote hurudi kwenye malalo, na hapo ndipo pa kuwahesabu.

Utaratibu tuliouweka:

– Wahesabuji wanne, mmoja kila upande wa malalo, kila mmoja akiwa na njia yake ya kuruka na alama ya kutazamia, kwa mfano mnara au mwembe. Ndege anayevuka mstari huo kuingia anahesabiwa, anayetoka anatolewa.
– Kuanzia saa 10:45 jioni hadi giza linapozuia kuona, kama dakika 25 baada ya jua kuzama.
– Kuandika kila baada ya dakika 5. Makundi makubwa yanahesabiwa kwa makumi: unazoesha jicho kuona kumi, kisha unasogeza kumi hiyo mbele ya kundi.
– Jioni tatu mfululizo zisizo na mvua, na tunachukua thamani ya katikati. Wastani huvurugwa na jioni moja mbaya.

Kinachoharibu hesabu zaidi ni mikusanyiko ya kabla ya kulala. Kunguru hawaendi moja kwa moja. Hutua kwanza juu ya mapaa au kwenye mti mkavu mita mia kadhaa kutoka malaloni, wakakaa, wakapiga kelele, kisha wakaondoka kwa mafungu. Wakihesabiwa wanapotua hapo, kisha tena wanapoingia malaloni, watakuwa wamehesabiwa mara mbili. Tafuta mikusanyiko hiyo siku moja kabla, halafu weka vituo kati yake na malalo, karibu na malalo. Jambo la pili ni msimu: hesabu ya Machi ina makinda wapya, ya Agosti haina. Linganisha Julai na Julai, Machi na Machi. Ripoti inayolinganisha Machi na Agosti kisha ikatangaza ushindi haina maana.

Ndege wa asili wanahesabiwa asubuhi, kati ya saa 12:30 na saa 2:30, kwenye vituo vilivyo umbali wa mita 200 au zaidi. Unasimama dakika 2 kimya ili ndege watulie, kisha unahesabu kwa dakika 10 kila unayemwona au kumsikia ndani ya mita 50. Fomu ina safu za shomoro wa nyumbani na maina pia. Wote wawili ni wageni, na nafasi inayoachwa na mgeni mmoja mara nyingi huchukuliwa na mgeni mwingine. Maina hugombea mashimo ya kutagia, kwa hiyo tunataka kujua mapema akianza kuongezeka.

Agosti: chakula kwanza

Hapa ndipo mradi huu unapofaulu au kufa, na hapa ndipo fedha nyingi zimekwenda.

Chukua hesabu ya mfano. Malalo yenye jozi 500, kila jozi ikilea makinda wawili tu kwa msimu, huongeza ndege 1,000. Mtego unaokamata 10 kila siku kwa miezi mitatu umetoa 900. Umefanya kazi kubwa na bado hujafidia hata makinda ya mwaka mmoja, achilia mbali wanaohamia kutoka nje. Ila jozi hailei makinda wawili ikiwa chakula ni kidogo. Kupunguza taka kunapunguza kuzaliana, na kunafanya chambo cha mtegoni kiwe na thamani.

Tulitembea kata zote mbili na kuandika kila mahali kunguru wanapokula, wanakula nini na saa ngapi. Vyanzo vikubwa vilikuwa vinne: vizimba vya taka vya soko, utumbo wa samaki dikoni, damu na mabaki nyuma ya machinjio, na meza za nje za hoteli. Vidogo ni vingi, hasa chakula cha kuku kilichomwagwa uani na makapu ya taka ya shule baada ya mapumziko.

Vizimba. Ukuta upo, paa halipo. Tumeweka fremu ya chuma juu na wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 25, ambayo kunguru hawezi kupitisha kichwa. Sehemu ya mbele, watu wanapotupia, ina mfuniko. Mfuniko wa kwanza ulitengenezwa wa bati zito la kipande kimoja. Ndani ya wiki ulikuwa umeegemezwa wazi kwa jiwe, kwa sababu mama aliyebeba ndoo kichwani hana mkono wa kuinua kilo kumi na tano. Ukagawanywa vipande viwili, kila kimoja chepesi, chenye kamba inayopita kwenye gurudumu na kuishia kwenye kanyagio la mbao chini. Ukikanyaga unafunguka, ukiondoa mguu unajifunga.

Bawaba ndizo zilizofuata. Bawaba za chuma cha kawaida haziwezi upepo wa bahari uliochanganyika na maji ya taka. Huota kutu, hukaza, halafu mtu huulazimisha mfuniko hadi ung'oke. Sasa tunatumia vipande vya mpira wa tairi, upana wa sentimita 8 na urefu wa 15, vilivyobanwa kwa boliti na washa pana kila upande. Havioti kutu, havipigi kelele, na fundi viatu yeyote anaweza kuvibadilisha.

Muda wa kuzoa taka ni muhimu kuliko mfuniko wenyewe. Kunguru hutoka malaloni kabla jua halijachomoza. Gari likizoa saa 4 asubuhi, kizimba kimewalisha kwa zaidi ya saa tatu. Tuliomba ratiba ihamie usiku, baada ya soko kufungwa. Imekubaliwa kwa soko, bado kwa mitaa.

Diko. Utumbo hutupwa mchangani kwa imani kwamba bahari itachukua. Maji yakijaa ni kweli. Maji yakitoka alfajiri, utumbo wote uko wazi saa ileile kunguru wana njaa. Yamewekwa mapipa ya lita 200 yaliyokatwa mlango juu, karibu kabisa na meza za kuparia, hatua tatu au nne. Pipa likiwa mbali, halitumiki. Yanamwagwa kila jioni kwenye shimo la mboji: tabaka la utumbo lisilozidi sentimita 10, kisha tabaka la majani makavu au maranda mara mbili ya hilo, na udongo juu. Ukiacha udongo, harufu huleta kunguru, paka na kenge, nao watafukua.

Machinjioni dawa ni bati, mlango unaofungwa, na mtaro wa damu uliofunikwa kwa mabamba ya zege. Hotelini ni kuondoa sahani mara tu mgeni anapoinuka, na kumzuia mgeni asimtupie kunguru mkate. Hilo la pili ni gumu zaidi.

Septemba: mtego wa ngazi

Mtego tunaoutumia ni ule mkubwa wa kukamata kunguru hai, ambao ndege huingia kwa kujitupa kutoka juu na hushindwa kutoka. Hauumizi, na ndege asiyetakiwa huachiwa akiwa mzima. Hiyo ndiyo sababu ya kuuchagua.

Kipimo ni urefu wa mita 3, upana wa mita 2, kimo cha mita 1.8. Fremu ni ya mbao za 2x2, iliyotengenezwa kwa paneli zinazofungwa kwa boliti ili ziweze kuvunjwa na kupakiwa kwenye pikapu. Kuta zina wavu uleule wa milimita 25. Paa ni paneli mbili zinazoteremka kutoka kingo za juu kuelekea katikati, kama herufi V. Chini kabisa ya V, kimo cha mita 1.2 kutoka ardhini, imelazwa ngazi ya urefu wote wa mtego, upana wa sentimita 30, vipago vyake vikiachana sentimita 15. Kunguru hutua kwenye ngazi, huona nyama chini, hufunga mbawa na kujiangusha. Akitaka kutoka lazima aruke kwenda juu akiwa amekunjua mbawa, na mbawa zake zilizokunjuliwa ni kama sentimita 80. Hapiti. Kando ya ngazi tunaning'iniza nyaya za urefu wa sentimita 30 kila baada ya sentimita 12, ili anayepapatika juu kidogo azuiwe nazo.

Mtego hushindwa kwa sababu chache, na karibu zote zinaonekana kwa macho:

Vijiti vya kutulia vimewekwa chini ya ngazi. Ndege hupanda kijitini, kisha hurukia kipagoni, kisha huyo ameondoka. Vijiti viwe kwenye pembe za kuta mbili ndefu, kimo cha chini ya ngazi, mbali na mstari wake.

Mtego uko chini ya mti. Kunguru anataka kuona ndani kutoka juu kabla hajashuka. Weka mahali peupe, karibu na chakula walichozoea, si zaidi ya mita 50 kutoka kizimba.

Hakuna ndege wa chambo. Mtego mtupu humtia kunguru shaka. Watano hai ndani, wakila na kuitana, huleta wengine. Hawa wana haki ya maji, chakula na kivuli kila siku; robo moja ya paa na ukuta wa magharibi hufunikwa kwa makuti. Jua la Februari saa 8 mchana huua ndege aliyefungiwa asiye na kivuli.

Mtego umeanza kukamata siku uliposimamishwa. Acha mlango wazi na chambo ndani kwa siku 5 hadi 7. Waingie kwa miguu, wale, watoke.

Ndege wanatolewa mchana kweupe. Hili ndilo baya kuliko yote. Kunguru hukumbuka sura za watu na hufundishana hatari. Akimwona mwenzake anakamatwa na mtu fulani, kundi zima litampigia kelele mtu huyo kwa miezi na kuukwepa mtego. Tunatoa ndege gizani, baada ya saa 1:30 usiku, kwa taa nyekundu hafifu na wavu wa mkono wenye kipini. Watano wanabaki.

Ukaguzi ni mara mbili kwa siku, alfajiri na jioni. Kunguru wa asili, njiwa, mwewe au ndege mwingine yeyote huachiwa palepale. Kuua hufanywa na waliofunzwa na mganga wa mifugo, kwa kuvunja shingo mara moja, mmoja mmoja, mbali na macho ya wengine. Glovu na barakoa ni lazima. Mizoga huzikwa shimo la mita 1 au zaidi, mbali na visima, na chokaa juu. Tukikuta ndege wengi wamekufa bila sababu, ndani au nje ya mtego, kazi inasimama na idara ya mifugo inaitwa, kwa kuwa mdondo na mafua ya ndege haviwezi kutambuliwa kwa kutazama.

Oktoba na Novemba: viota

Kuanzia Septemba hivi kunguru huonekana wakibeba vijiti, na vuli inapoingia mayai yako ndani. Mayai huwa 3 hadi 5, ya samawati-kijani yenye madoa ya kahawia. Kuatamia huchukua siku 16 au 17, na kinda hukaa kiotani wiki tatu hadi nne. Ratiba yetu yote ya viota imefungwa kwenye siku hizo 16: mzunguko wa ukaguzi usizidi siku 14, la sivyo utafika mayai yakiwa yameshaanguliwa.

Kila mti wenye kiota una namba, alama kwenye ramani na tarehe. Kuangalia ndani hatupandi. Ufito wa bomba la alumini wa mita 6 wenye kioo cha pembeni cha pikipiki kilichofungwa kwa pembe unatosha kwa miembe mingi. Kwa minazi haufiki, na humo tunatumia wakwezi.

Ukitoa kiota chenye mayai, jozi hujenga kingine mara nyingi mti wa jirani na kutaga tena. Umejipa kazi mara mbili. Njia tunayoipenda ni kuyapaka mayai mafuta ya mahindi, yai zima, kisha kuyarudisha. Mafuta huziba vitundu vya ganda na kiini hakikui, lakini mama huendelea kuatamia, na msimu unampita. Njia hii imetumika sana kwa shakwe na bata bukini, na inafanya kazi tu yai likipakwa lote. Ukiacha nusu kavu litaanguliwa. Mayai ambayo yana makinda yaliyokaribia kutoka hayapakwi. Tunayatumbukiza kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu: linaloelea juu na kucheza-cheza lina kinda aliyekomaa, na kiota hicho kinaachwa hadi uamuzi wa mganga wa mifugo.

Kabla ya kugusa chochote, mwenye kioo hukaa chini ya mti hadi amwone mzazi. Mwewe na kunguru wa asili hujenga kwa vijiti vilevile. Bila mzazi kuonekana, hapana kugusa.

Katika miji kunguru hujenga kwa nyaya pia: vipande vya nondo nyembamba, waya za kufungia zege, henga za nguo. Kiota cha namna hiyo juu ya nguzo ya umeme kinaweza kusababisha shoti, na mwenye kukigusa kwa bomba la alumini atakufa. Kwa viota vya nguzoni tunaandika namba ya nguzo na kuwapa taarifa wenye umeme. Hakuna zaidi.

Huko kwao Bara Hindi kuna ndege aina ya koeli anayetaga ndani ya viota vya kunguru huyu, na makinda ya koeli hula chakula cha makinda ya kunguru. Pwani yetu haina koeli wa Asia. Kazi anayoifanya yeye kule kila msimu bila malipo, hapa inafanywa kwa ufito, kioo na chupa ya mafuta.

Miezi hii pia tumewaomba wenye nyumba na watunza bustani wasikate vichaka hadi Februari. Kichaka kizito cha miiba ndicho ngome pekee ya chozi na shore. Ua likipogolewa Novemba, kiota kilichokuwa kimefichika kinabaki wazi, na kunguru hukikuta siku hiyohiyo.

Desemba: kuhusu sumu

Swali hili linarudi kila mkutano wa mtaa, kwa hiyo liandikwe vizuri. Kemikali iliyotumika dhidi ya kunguru pwani ya Afrika Mashariki ni ile iitwayo DRC-1339. Huharibu figo, na ndege hufa baada ya saa nyingi, kwa kawaida siku moja hadi tatu, mara nyingi akiwa malaloni. Kwa kuwa hafi mezani, wenzake hawahusishi kifo na chambo. Mwili wake huivunja kemikali kwa kasi, hivyo anayekula mzoga ana hatari ndogo. Kenya ilitangaza mwaka 2024 kwamba ingepunguza kunguru milioni moja, na dawa ya aina hii ikawa sehemu ya mpango.

Si dawa ya kununua dukani. Haichagui kunguru peke yake: njiwa, tetere na bundi nao huathirika kwa urahisi. Ikiwekwa bila siku kadhaa za kuwazoesha kunguru nyama isiyo na sumu, bila mtu wa kusimama pale kufukuza ndege wengine, na bila kuokota mabaki yote, itawaua hao tunaowatetea. Inahitaji kibali cha mamlaka ya viuatilifu na ya wanyamapori, na mikono iliyofunzwa. Kwa sasa hatuitumii. Taka za mitaani hazijafungwa, na sumu kabla ya taka ni kuchota maji kwenye mtumbwi uliotoboka.

Kuna jambo tunalipinga moja kwa moja: kutia dawa za wadudu za shambani, hasa karbofurani, kwenye vipande vya nyama. Dawa hiyo huua mbwa, paka, tai, kuku wa jirani, na mtoto atakayeokota. Ukiona nyama yenye chembechembe za zambarau au buluu imetupwa wazi, usiishike. Mwite bwana afya.

Januari: yanayoonekana mpaka sasa

Mitego miwili ilikuwa inafanana kwa kila kitu isipokuwa jirani yake. Wa sokoni, kando ya kizimba kilichofungwa na kuzolewa usiku, hukamata tangu alfajiri. Wa stendi, kando ya kizimba kisicho na paa, chambo chake huoza. Kunguru hutua juu yake, hutazama ndani, kisha huenda kula chips zilizomwagwa bure. Chambo ni kilekile, fundi ni yuleyule. Tofauti ni chakula cha nje. Tumeihamisha kazi ya wiki za mbele kutoka kujenga mtego wa tatu hadi kuezeka kizimba cha stendi.

Dikoni kunguru wa asubuhi wamepungua sana kwenye meza, lakini baadhi wamehamia nyuma ya nyumba zinazofuga kuku. Hilo lilitegemewa. Ukifunga chanzo kikubwa, vidogo hubeba mzigo kwa muda, na hapo vifaranga huwa hatarini zaidi. Wafugaji wanahitaji taarifa kabla, si baada: banda la vifaranga lifunikwe juu kwa nyavu kuukuu za uvuvi, zikazwe zisilegee, kwa sababu wavu unaolegea hunasa ndege wadogo.

Panya wanafuatiliwa kwenye vizimba vilivyofungwa. Kizimba chenye paa na bila sakafu ya zege humlinda panya dhidi ya mwewe na bundi. Viwili vimegundulika havina sakafu. Vinamwagiwa zege sentimita 7 na kuwekewa mteremko kuelekea mtaroni.

Kuhusu ndege wa asili, hatutoi hukumu. Msimu mmoja hautoshi, mvua pekee inaweza kuwaongeza au kuwapunguza minana. Viota vya mnana kwenye mnazi wa shule ya msingi vinaangaliwa kila wiki: vingapi vina mayai, vingapi vimepasuliwa ubavuni, vingapi vimetoa makinda. Kunguru hupasua ubavu wa kiota na kuacha nyuzi zinaning'inia. Nyoka huingia kwa mlango na kukiacha kizima. Alama hizo mbili zinaandikwa kwenye safu tofauti, maana la sivyo tutamlaumu kunguru kwa kila kiota kitupu.

Februari: kazi inayofuata

Paa la kizimba cha stendi, sakafu za vizimba viwili, na ratiba ya usiku kwa mitaa iliyobaki. Bawaba zote za chuma zilizosalia zinabadilishwa kuwa mpira kabla ya masika. Mitego inakaguliwa kutu, na boliti zinapakwa grisi.

Mizunguko ya viota inaisha mwezi huu, kiota cha mwisho kikishakuwa kitupu. Hesabu ya malalo inarudiwa Machi kwa vituo vilevile na saa zilezile, ikiwa na safu mpya ya makinda: hawa rangi yao imefifia, kijivu cha shingo hakijakolea, na pembe za mdomo zinaonyesha wekundu wanapopiga kelele. Uwiano wa makinda kwa wakubwa ndio utakaoonyesha kama mafuta ya mahindi na mifuniko vimefanya kazi. Hesabu itakayolinganishwa na ya awali ni ya Julai.

Kata ya tatu, iliyo upande wa kaskazini na yenye dampo kubwa, imeombwa iingie kwenye mpango. Ikikataa, mstari wa mitego utahamia mpakani mwake.